Shanga Nyekundu Mwezi wa Ramadhani

Juu ya kitanda cha wazazi wangu palikuwa na msumari, na kwenye msumari huo mama alitundika uzi wa shanga. Siku nyingi zilikuwa nyeupe. Siku chache za kila mwezi zilikuwa nyekundu. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni pambo tu, kwamba mama hubadilisha shanga kama wenye uwezo wanavyobadilisha mapazia. Tulipanga chumba kimoja pembeni mwa Msimbazi, Kariakoo, katika nyumba ya zamani, ile yenye ukumbi mrefu katikati na vyumba huku na huku, na uani nyuma ambako wanawake wote walipika. Pazia lililotenga kitanda chao na godoro langu lilikuwa fupi. Kila nilipoinua kichwa niliuona msumari.

Nilipovunja ungo ndipo nilipofundishwa kuusoma ukuta ule. Kungwi wangu alikuwa bibi wa kwetu aliyeitwa kutoka Mbagala kwa ajili yangu, mfupi, mkali, ugoro haukauki puani. Alinikalisha mkekani akaniwekea nyuzi mbili mapajani.

"Nyeupe, mumeo aje. Nyekundu, mumeo alale akiangalia ukuta," alisema. "Na mdomo wako usiseme chochote. Mwanamke aliyefundwa hatangazi damu yake. Anatundika, anatoka zake nje kupika."

Nikamuuliza, "Na akitundika nyekundu wakati siku zenyewe hazijafika?"

Akanifinya paja mpaka machozi yakanitoka. "Hakuna mwanamke wa kwetu anayefanya hivyo."

Mama alikuwa amekaa karibu nasi, anakoroga uji wangu. Hakuinua uso. Wakati ule alikuwa ameshaanza kufanya hivyo, lakini mimi nilikuja kujua baadaye.

Kwetu ni ng'ambo ya Ruvuma. Mama alivuka mto akiwa mtoto, mgongoni kwa kaka yake, wakati wa vita vya huko. Bibi alivuka nao. Waliobaki nyuma, wengi hawakuonekana tena. Waliishi miaka upande wa Mtwara wakilima mashamba ya watu, kisha yule kaka, mjomba wangu, akatangulia Dar es Salaam kushona nguo na akawaita wenzake. Mama akaolewa hapa mjini na mtu wa Lindi, mpakuaji mizigo bandarini, ndiye baba yangu. Kwa wenyeji wa mtaa sote tulikuwa watu wa kuja. Mama mwenye nyumba, mwanamke wa pwani aliyezaliwa na kuolewa katika nyumba ileile, alipenda kusema, "Watu wa kuja mna kazi mbili mnazozijua vizuri, kubeba na kuzaa." Wapangaji walicheka. Mama naye alicheka. Ukiwa mpangaji unajifunza kucheka mapema.

Bibi yangu, kabla hajafa, alimsimulia mama jinsi wao walivyopanga uzazi bila kuwa na jina la jambo hilo. Mwanamke akishajifungua alirudi kwa mama yake. Mume akija kumsalimia anapewa kigoda nje, anakunywa maji, anaaga. Mpaka mtoto aanze kukimbiza kuku ndipo mke anarudi kwake. Aliyekiuka aliambiwa amembemenda mtoto, na mtoto akidhoofu kijiji kizima kilijua sababu. Palikuwa na kamba yenye mafundo kiunoni pia, na mizizi ya kuchemsha, ila bibi mwenyewe aliicheka mizizi. "Dawa yetu ilikuwa ni njia," alimwambia mama. "Njia ya kwenda kwa mama yangu."

Sasa mwanamke wa Kariakoo arudi kwa mama yake wapi? Bibi alilala chumba kimoja na mjomba, mke wa mjomba na cherehani. Njia ile haikuvuka mto. Shanga ndizo zilizovuka, kwa kuwa ni nyepesi.

Baada yangu mama alishika mimba nyingine, na nyingine tena, na hakuna mtoto aliyebaki. Ile ya mwisho naikumbuka. Walimrudisha nyumbani akiwa na rangi ya majivu, amezungushiwa kanga za wanawake wa nyumba nzima, na mtoto walishamzika. Alikuwa amemwaga damu mpaka wauguzi wakaanza kusemeshana kwa sauti za chini. Nesi mmoja mtu mzima alimshika mkono akamwambia, "Mama, ukirudi hapa na tumbo jingine, sikuahidi kwamba utatoka kwa miguu yako." Haya alinisimulia mwenyewe, miaka mingi baadaye, tukichambua mchele.

Alikuwa bado mwanamke kijana. Alikuwa na mimi, na kikaango chake cha vitumbua pale kona, na wateja waliokuja alfajiri kabla hawajaingia sokoni. Hakutaka kufa. Sidhani kama kuna namna nyingine ya kulisema jambo hili. Mama yangu hakutaka kufa, na tangu siku ile kila alichofanya alikifanya kwa ajili hiyo.

Alienda zahanati kwa yule nesi. Vidonge alivikataa, kwa sababu katika chumba kimoja huna pa kuficha hata punje ya mchele. Kitanzi alikiogopa, aliambiwa mume anaweza kukihisi. Sindano ya miezi mitatu ilimfaa, maana haiachi kitu nyuma zaidi ya uvimbe mdogo unaoisha kabla hujafika nyumbani. Akawa anaaga kwamba anaenda shimoni, lile soko la chini, kutafuta nazi, na kweli alirudi na nazi.

Lakini sindano ilimkausha. Mwezi wa kwanza alitokwa na damu ovyo, kisha ikakata kabisa, haikurudi. Nesi akamwambia asiogope, wanawake wengi huwa hivyo. Kwa mwanamke mwingine ingekuwa nafuu. Kwa mama yangu ilikuwa balaa, kwa sababu ya msumari. Mume anayeona nyeupe mwezi mzima anajua mke wake amebeba. Ataanza kuleta samaki wakubwa, atasubiri tumbo, na tumbo lisipokuja atauliza. Kwa hiyo mama akawa anatazama mwezi angani, anakumbuka siku zake za zamani, na siku zikifika anatundika nyekundu. Baba analala akiangalia ukuta. Anaamka, anaenda bandarini.

Mimi leo nina kijiti mkononi, ndani ya ngozi, chini ya kwapa kidogo. Niliwekewa bila mlolongo, katika chumba safi, na nesi mdogo kuliko mimi. Aliponifunga bendeji aliniuliza bila kuinua macho, "Mzee nyumbani anajua?" Nikasema anajua. Akasema, "Una bahati, dada." Nilitoka nje nikasimama juani, Mnazi Mmoja ikiwa mbele yangu, watu wanakatiza uwanjani kama kawaida yao, na hasira ikanipanda ghafla, sikujua niielekeze kwa nani. Bahati. Neno hilo halikupaswa kuwa na kazi yoyote katika chumba kile.

Nirudi kwa mama.

Ramadhani ya kwanza baada ya sindano ndiyo iliyomnasa. Kwa desturi ya nyumba yetu, wanawake walio kwenye siku zao walikula mchana uani, nyuma ya kanga iliyotandazwa kwenye kamba, ili wanaume na watoto wasione. Walikaa kwenye vigoda vyao na muhogo wa nazi na chai, wakitaniana. Waliziita siku za ruhusa. Kila mmoja alijua ni nani ana ruhusa na ni nani hana, na siku zenyewe walizijua kuliko wenye nazo. Aliyezungumza kuliko wote alikuwa mkwe wa mwenye nyumba, msichana mcheshi mwenye watoto wawili waliofuatana kama vipandio vya ngazi.

Mama hakuenda nyuma ya ile kanga. Alikuwa msafi mwezi mzima, na aliye msafi hana ruhusa. Kumtundikia mume shanga za uongo aliweza. Kula mchana wa Ramadhani bila udhuru hakuweza. Alifunga na akaswali, siku baada ya siku, kama mtu anayelipa. Na siku zake za zamani zilipofika, akatundika nyekundu vilevile, kwa sababu baba angeshangaa zisipokuwepo.

Hapo ndipo alipojikaanga. Kwa wanawake wa uani alikuwa msafi. Kwa mume wake alikuwa kwenye siku zake. Jioni baba alimuuliza kwa huruma, "Umekula mchana lakini?" na mama, midomo imemkauka kwa saumu, akajibu, "Nimekula."

Mwezi ulipofika kumi la mwisho mkwe wa mwenye nyumba akaanza. "Jirani, wewe ruhusa yako mwaka huu imekwama bandarini?"

"Imekwama," mama akasema, anageuza kaimati kwenye mafuta. "Wanaikagua."

Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na muhogo.

"Mwacheni," mama mwenye nyumba akasema kutoka kwenye mlango wa ukumbi. "Mtu mzima haoni ruhusa Ramadhani nzima kwa mambo mawili. Ama amezeeka, ama amebeba. Huyu hajazeeka."

Wakapiga vigelegele vya chinichini. Mama akatabasamu. Niliona mkono wake ukisogea mpaka kwenye tumbo, ukasimama, ukarudi kwenye mwiko.

Baba aliporudi kazini jioni ile, mama mwenye nyumba alimkuta barazani akivua viatu. Mimi nilikuwa nakuna nazi mlangoni, niliyasikia yote.

"Hongera baba. Safari hii Mungu atulindie."

"Hongera ya nini, mama?"

"Usijifiche na wewe. Mkeo hajala hata siku moja mwezi huu."

Baba alikuwa ameziona nyekundu asubuhi ileile. Alicheka kidogo, akasema amina, akapita. Chumbani alisimama mbele ya msumari akiwa ameshika viatu mkononi. Mama alikuwa anapanga futari mkekani, tende, uji, tambi. Adhana ikalia. Baba akakaa, akafuturu.

Kesho yake alirudi adhuhuri. Hakuwahi kurudi adhuhuri, meli ziwepo zisiwepo. Nilimwona kwanza mimi, nikiwa mlangoni nakuna nazi ya futari. Alisimama kizingitini, jasho na vumbi la saruji mwilini, na alichokiona ni hiki: mke wake juu ya mkeka, ushungi mweupe, anaswali, na juu ya kitanda nyuma yake shanga nyekundu.

Mtu anayeswali hakatizwi. Baba akabaki kizingitini anasubiri. Mama alikuwa ameshasikia miguu yake, najua, kwa sababu alisujudu na hakuinuka. Alikaa kwenye sijda ile mpaka nikaogopa. Nikaona vidole vyake vikikunja mkeka. Baba hakusogea. Mwishowe mama akainuka, akamaliza, akatoa salamu kulia na kushoto, na aliposema salamu ya kushoto uso wake ukawa umemwangalia baba.

"Hizo nyekundu," baba akasema.

"Ndiyo."

"Na unaswali."

"Naswali."

"Sasa mke wangu, nieleze mimi ambaye sikusoma. Anayedanganywa humu ndani ni nani? Ni mimi au ni Mungu?"

Mama alikunja mkeka kwanza. "Mungu sijamdanganya," akasema.

Baba akakaa kwenye kitanda. Hakumpiga. Baba hakuwa mtu wa kupiga, na wakati mwingine nawaza kwamba ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa hivyo, ningejua pa kumweka. Alivua kofia yake akaiweka gotini. "Unachoma sindano," akasema. Bandarini wanaume huongea pia. "Watu watanicheka. Baba wa mtoto mmoja, mke wake anamfungia mlango na kumtundikia kufuli bandia."

"Nesi alisema nitakufa."

"Ungeniambia."

"Ungenijibu nini?"

Baba angeweza kusema, ningekwambia uendelee. Nilisubiri aseme. Nilikuwa bado nimekalia mbuzi ya kukunia nazi na nilisubiri, na mama naye alisubiri. Baba akavaa kofia yake akasema, "Nitakwenda kwa shemeji."

Unaweza kushangaa, lakini mama alifurahi. Usiku uliofuata ndiyo mara ya kwanza mwezi ule nilimsikia akilala bila kujigeuza. Shemeji wa baba ni mjomba wangu, kaka yake mama, na kwetu neno la kaka wa mke ni zito kuliko la mume. "Kaka yangu atamwambia," aliniambia asubuhi, tukichekecha unga. "Kaka yangu alinibeba mgongoni, maji yamemfika kifuani. Hatakubali nife."

Mjomba alikuja Idi pili. Alikuwa fundi cherehani, mwembamba, mpole, kanzu yake ameishona mwenyewe na imemkaa vizuri kuliko za dukani. Nikamwamkia, "Shikamoo mjomba." "Marahaba, mama," akanipa peremende kama bado mtoto. Akakaa kwenye kiti pekee tulichokuwa nacho. Baba akakaa kitandani, mama mkekani. Mimi nilitakiwa nitoke, sikutoka, na hakuna aliyenikumbuka.

Baba alieleza. Alieleza kwa haki, sitamsingizia. Alisema kilichomuuma ni uongo. Alisema hata habari ya nesi na damu.

Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, kisha hakumgeukia baba kabisa. Alimgeukia mama.

"Dada yangu. Mama zetu wadogo walikuwa wangapi?"

Mama akatazama chini.

"Wako wapi? Watoto wao wako wapi? Ulikuwa mdogo, hukuona. Mimi niliona. Siku ile nilipokubeba, ulidhani nimekubeba wewe peke yako?" Sauti yake ilikuwa ya chini, ya upole, sauti aliyotumia kumpima mteja mabega. "Kwetu mtoto anafuata mama. Wanangu mimi ni wa ukoo wa mke wangu. Mimi sina wa kwangu duniani isipokuwa wale utakaonizalia wewe. Vita vilitumaliza upande ule. Upande huu umekuja kutumaliza wewe, kwa sindano."

"Kaka, nitakufa."

"Hutakufa."

"Nesi kasema."

"Nesi si Mungu."

"Na wewe je?" mama akasema, na hapo sauti yake ikapanda mpaka ukumbini, nikasikia vigoda vikisogea huko. "Wewe nani wa kuniahidi?"

"Mimi niliyekuvusha," mjomba akasema.

Baba alijikohoza. "Shemeji, mimi sikusema lazima azae. Nilisema tu uongo ule..."

"Wewe umeleta kesi, shemeji, nakushukuru," mjomba akamjibu kwa heshima. "Sasa niachie." Baba akanitupia mimi macho yake, kwa bahati mbaya, halafu akayaondoa. Alikuja kushtaki udanganyifu, akaondokewa na kesi yake mwenyewe, na hakuwa na nguvu ya kuirudisha. Au hakuwa na nia. Nimeandika jambo hili mara nyingi kichwani na kila mara nafika hapo nashindwa kumhukumu sawasawa.

Mjomba akasimama, akarekebisha kanzu yake. "Mama yetu amezikwa hapa mjini, kwenye udongo wa watu. Ukienda tena kwa yule nesi, radhi za mama huna."

Kama hujawahi kuishi na watu ambao wamebakiwa na kaburi moja tu wanalolijua, huenda maneno hayo ukayaona mepesi. Mjomba akala biriani, akasifu viungo, akaondoka.

Mama hakuenda tena zahanati. Alipita karibu nayo kila alipoenda sokoni, akivuka upande wa pili wa barabara kama mtu anayekwepa anayemdai.

Mwili wake ulichelewa. Mwaka ukapita, na miezi mingine, mpaka nikaanza kuamini kwamba sindano zile zimemlinda moja kwa moja. Kisha asubuhi moja harufu ya hamira ikamtapisha pale kona, mbele ya wateja, na mkwe wa mwenye nyumba akapiga kigelegele. Baba akaanza kuleta samaki wakubwa.

Ni katika miezi ile nilipofundishwa vitumbua. Mama alinifundisha kwa haraka, kama mtu anayepakia gari. Mchele uloweke tangu jana. Hamira usiimwage, ionje kwa kidole. Mteja fulani husema atarudi na harudi, mwache. Aligawa kanga zake akiwa hai, nzuri ziwe zangu. Nilikuwa nikimwambia, "Mama, acha," naye anasema, "Shika mwiko vizuri." Hakuna aliyemwona akilia. Uani alitania kama zamani. Walimwambia, tumbo hilo la duara ni la kike, akajibu ni la kiboko.

Alijifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Na damu ikaja, ileile aliyoahidiwa. Nilikuwa kwenye benchi la nje na baba na mjomba. Mlango ulifunguliwa na kufungwa, wauguzi wakapita mbio na mashuka, na hakuna aliyetuangalia usoni. Kisha daktari akatoka akasema wanatoa kizazi, la sivyo wanampoteza. Baba akasema, "Toeni, toeni, daktari, toeni," kabla mwenzake hajamaliza sentensi.

Aliishi. Hiyo ndiyo sehemu inayonichoma mpaka leo, na naona aibu kwamba inanichoma, maana nilimwombea aishi. Kwa kuwa hakufa, wote walionekana walikuwa na haki. Mjomba alisimama kando ya kitanda chake wodini, mtoto wa ukoo mikononi, machozi ya kweli yanamtiririka, akasema, "Umeona, dada? Si nilikwambia hutakufa?" "Uliniambia," mama akasema, akageukia ukuta.

Mjomba bado husimulia habari hiyo kwenye harusi na misibani. Katika simulizi yake dada yake alitishwa na nesi, yeye akamtia imani, na mtoto huyu hapa. Watu husema, Mungu mkubwa. Hakuna anayeuliza kilichotolewa. Hofu ya mama yangu imebaki kwao kama ujinga wa kijana, jambo la kuchekwa kwa upendo. Na baba, ambaye alilia kwenye benchi lile mpaka kofia yake ikalowa, baada ya muda aliona si vibaya kuongeza mke mwingine upande wa Temeke, kwa kuwa huyu wa kwanza sasa hawezi kuzaa tena. Alimwambia mama kwa adabu. Mama akamwambia, "Nenda."

Mdogo wangu nampenda. Ana kicheko cha mama na miguu ya mjomba. Siku moja atasoma haya, na nataka ajue kwamba hakuna neno hapa linalomhusu yeye. Alikuja kama sote tulivyokuja, bila kuulizwa.

Nimalizie kwa zile siku arobaini za uzazi, maana huko ndiko nilikojifunza zaidi kuliko kwa kungwi. Mama alikuwa amelala kitandani, tumbo limeshonwa, anakunywa uji wa pilipili manga ambao mama mwenye nyumba alimpikia kwa mkono wake mwenyewe. Wanawake wa nyumba waliingia mchana kwa makundi, wakacheka, wakambeba mtoto, wakatoka. Kisha wakaanza kurudi mmojammoja. Mlango wanausukuma nyuma yao. Wanaanza na habari ya joto, ya bei ya nyanya, halafu sauti inashuka: yule nesi wako bado yupo? Anapatikana siku gani? Anauliza habari za mume? Wale wale waliocheka mpaka mmoja akapaliwa na muhogo. Mama alimjibu kila mmoja. Alielekeza njia, mlango wa nyuma, benchi la kusubiri, jinsi ya kujitambulisha. Hakumkumbusha hata mmoja.

Mkwe wa mwenye nyumba alikuja wa mwisho. Alikuwa na kichanga wa tatu mgongoni.

"Sindano itakukausha," mama akamwambia. "Mume wako anasoma shanga?"

"Shanga? Huyu wa kwetu hajui shanga, jirani. Na yeye hana shida. Shida ni mama yake. Anajua mpaka rakaa zangu."

"Basi Ramadhani ikifika, chagua siku zako, uende uani ukale. Ule mbele yake, akuone."

"Nile, na mimi msafi?"

"Ule."

"Jamani, dhambi hiyo!" Yule msichana akacheka, akampiga mama begani kidogo, akidhani ni utani wake wa kawaida.

Mama hakucheka. Alisubiri kicheko kiishe. Kisha akarudia, pole pole, kama anavyorudia mtu anayeelekeza njia kwa mgeni, siku gani aanze na nini ale, na aseme nini akiulizwa.